Maoni: Kuku mgeni angoje siku 21 kabla ya kuchanganywa na wengine

Kila wiki, katika parseli nyingi za Bukavu, Goma, Butembo na Uvira, jambo ni lilelile. Mtu anatoka sokoni na kuku wawili ama watatu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Anafika nyumbani jioni, anakata kamba, anawaingiza katika kibanda pamoja na kuku wa zamani, anafunga mlango na kwenda kulala. Asubuhi mmoja ana damu kichwani. Hilo watu wanaliona, wanacheka, na wanasema watazoeana.

Lile wasiloliona linakuja nyuma. Baada ya siku tano, sita ama kumi, kuku mmoja wa zamani anasimama pembeni, mabawa yameshuka, hataki kula. Kinyesi chake ni cha kijani. Kesho yake wako watatu. Juma linalofuata kibanda kiko kitupu, na mama mwenye kuku anauliza wamekufa na nini. Wengine watasema ni upepo wa kiangazi, wengine watasema ni wivu wa jirani. Ni wachache wanaokumbuka kuku aliyenunuliwa Jumamosi.

Na mara nyingi ni huyo aliyeuleta ugonjwa. Ndiyo sababu inafaa kusemwa wazi: hakuna kuku mpya anayepaswa kulala na wengine usiku wa kwanza, awe amenunuliwa, amepewa kama zawadi ama ametolewa na mradi. Angoje pembeni siku 21. Si desturi ya Wazungu, wala si kazi ya wafugaji wakubwa wenye kuku elfu. Mwenye kuku wanne ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu yeye akipoteza wanne, amepoteza wote.

Kinachopotea si mboga tu

Katika Kivu na Ituri kuku wa kienyeji ni akiba inayotembea. Mtoto akirudishwa nyumbani juu ya minervali, kuku anauzwa. Homa ikipanda usiku, kuku anauzwa asubuhi. Mukwe akija, kuku anachinjwa. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, benki zilipofunga milango Goma na baadaye Bukavu, familia nyingi zilijifunza tena thamani ya mali ambayo mtu anaweza kuishika kwa mkono na kuigeuza pesa siku ileile.

Lakini akiba hiyo inakua polepole. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mayai kati ya 30 na 60 kwa mwaka. Sehemu yake inaliwa, sehemu inauzwa, sehemu anaiatamia. Kuatamia ni siku 21, kulea vifaranga ni miezi miwili ama zaidi, na katika muda huo mwewe, paka, panya na mvua vinachukua sehemu yao. Familia iliyoanza na kuku wawili na kufikia kumi na wawili imefanya kazi ya mwaka mzima ama zaidi. Kazi hiyo yote inaweza kwisha ndani ya juma moja, kwa sababu ya jioni moja tu ya haraka.

Kamba ya wazee

Iko methali ya Kiswahili isemayo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wazee walijua kwamba kuku mpya si wa kuachiliwa palepale. Walimfunga mguu kwenye kigogo ama kwenye mguu wa kitanda siku kadhaa, ili azoee nyumba mpya asikimbilie alikotoka. Hata leo familia nyingi zinafanya hivyo.

Hekima iliyomo ni kubwa: mgeni apewe muda. Lakini kamba peke yake haitoshi. Kwanza, kuku aliyefungwa uani hawezi kukimbia wenyeji wanapokuja kumdonoa, na anaweza kupigwa mpaka macho yaharibike. Pili, kamba inazuia mguu, haizuii ugonjwa. Wenyeji wanakula mahali alipotoa kinyesi, wanakunywa katika bakuli lake, wanavuta pumzi yake. Kile ambacho wazee walikitafuta kwa kamba, leo kinahitaji kutafutwa kwa chumba cha pembeni.

Ugonjwa unavyosafiri

Adui wa kwanza wa kuku wa kienyeji ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wafugaji wengine wanauita kideri. Jina lake linatoka katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambako ulionekana mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana pia katika kisiwa cha Java, Indonesia. Ni kirusi. Katika kundi lisilochanjwa kinaweza kuua karibu kuku wote. Dalili zinajulikana: kuhema mdomo wazi, kuharisha kijani, mayai kupungua ghafula, shingo kupinda, miguu ama mabawa kupooza. Wengine wanakufa hata kabla dalili hazijaonekana.

Dawa ya kuuponya hakuna. Tetrasiklini haiui kirusi. Pilipili na kitunguu saumu vinavyosagwa katika maji havikiui pia, hata kama kila avenyi ina mtu anayeapa kwamba viliwaponya kuku wake. Kinachofanya kazi ni mambo mawili: chanjo kabla ya ugonjwa, na kuuzuia usiingie.

Hapo ndipo kuku wa sokoni anapoleta shida. Kabla ya kufika katika soko la Kadutu ama la Virunga, amepita mikono mingi. Alitoka kijijini, labda Kalehe, Masisi ama Walungu. Mfanyabiashara alimkusanya pamoja na kuku wa nyumba kumi tofauti. Alisafiri katika kitunga kimoja nao, ama alining'inizwa kichwa chini kwenye motokari ama pikipiki, bila maji, siku nzima. Uchovu huo unashusha nguvu ya mwili wake, na kirusi kilichokuwa kimetulia kinapata nafasi. Mnunuzi anamtazama, anaona macho yanang'aa, anapima uzito kwa mkono, analipa. Kumbe mwili wa kuku huyo umeshachukua ugonjwa siku mbili zilizopita.

Tena si Newcastle peke yake. Mafua ya kuku, yale yanayovimbisha uso na kutoa kamasi yenye harufu, hufuata njia hiyohiyo. Kuku aliyepona anaweza kuendelea kuyabeba bila kuonyesha dalili. Chawa na utitiri husafiri chini ya manyoya. Kuku mwenye magamba yaliyoinuka miguuni anabeba mdudu mdogo atakayehamia miguu ya wenzake. Bata, kwa upande wake, anaweza kubeba kirusi cha Newcastle akabaki mzima, akawaua kuku wa nyumba nzima. Na mwaka 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yalithibitishwa Ituri, upande wa Ziwa Albert, ishara kwamba hata magonjwa makubwa ya ndege hayako mbali na mashariki ya Kongo.

Kuna upande mwingine ambao watu wanausahau. Wenyeji nao wanaweza kumwua mgeni. Kundi lililokaa pamoja muda mrefu limezoea vijidudu vyake. Kuku mpya anaingia amechoka, ana njaa, anadonolewa, anakutana na vijidudu ambavyo mwili wake haujavijua. Akifa, mwenye nyumba anasema aliuziwa kuku mgonjwa. Pengine aliuziwa mzima.

Kwa nini siku 21

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linahesabu siku 21 kama muda wa juu ambao Newcastle inaweza kujificha katika mwili kabla ya kujionyesha. Mara nyingi inajionyesha mapema zaidi, siku ya tano ama ya sita, lakini anayetaka usalama anahesabu mpaka mwisho. Kwa mama wa Kivu hesabu hiyo si ngumu kukumbuka, kwa sababu ni ileile ya kuku anayeatamia mayai. Anayeweza kungoja vifaranga vitoke anaweza kungoja kuku mgeni aonyeshe afya yake.

Mahali pa kungojea si lazima pawe pa gharama. Kitunga kikubwa kilichofunikwa, sanduku la mbao lenye matundu, ama pembe ya nyuma iliyozungushiwa mbao na kufunikwa kipande cha bashi, vyote vinatosha kwa kuku wawili. Kinachotakiwa ni kwamba pawe mbali na kibanda kwa kadiri parseli inavyoruhusu, maji ya mvua yasitoke huko kwenda kwa wenyeji, na wenyeji wasifike kudonoa pembezoni. Bakuli la maji na la chakula viwe vyake peke yake.

Anayehudumia aanze kwa kuku wa zamani, amalizie kwa mgeni. Akigeuza utaratibu huo, yeye mwenyewe anakuwa mbebaji, kwa mikono na kwa sandale. Kunawa kwa sabuni na kuwa na sandale moja ya kuingilia kwa mgeni ni jambo dogo. Kinyesi cha mgeni kisitupwe uani ambako wenyeji wanachakura.

Katika siku hizo kuku anatazamwa. Anapumua bila sauti? Kinyesi kina umbo? Macho ni makavu? Chini ya mabawa na kuzunguka kinyeo hakuna chawa? Majivu makavu ya kujigaragaza yanamsaidia kupunguza chawa. Miguu yenye magamba yaliyoinuka inapakwa mafuta ya mawese ama vaselini mara kadhaa, ili wadudu wakose hewa. Ni wakati mzuri pia wa kumpa dawa ya minyoo. Kuku mwingine akinunuliwa katikati na kuwekwa pamoja naye, hesabu inaanza upya kwa wote wawili.

Katika juma la mwisho, mfugaji mwangalifu anaweza kuchukua kuku mmoja wa zamani, yule ambaye kumpoteza hakutaumiza sana, na kumweka pamoja na mgeni. Akibaki mzima, hiyo ni dalili nzuri kwamba mgeni hafichi kitu. Akiugua, aliyepotea ni mmoja, na mlango wa kibanda haujafunguliwa.

Chanjo ifanyike katika muda huohuo, kwa wenyeji na kwa wageni waliokwisha kuonekana wazima. Chanjo haiponyi kuku aliyeambukizwa, na inahitaji karibu wiki mbili ili ijenge kinga. Aina ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, inavumilia joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Aina ya La Sota inahitaji baridi mpaka saa ya kutumiwa, na ikishachanganywa na maji lazima iishe ndani ya masaa machache. Jambo moja lijulikane katika miji ambayo maji yanatiwa klore juu ya kipindupindu: klore inaiua chanjo. Anayechanjia katika maji ya kunywa atumie maji safi yasiyo na klore, la sivyo amelipa bure.

Baada ya ugonjwa, vita

Siku 21 zikiisha, bado liko swali la vita. Watu wanadhani kuku wanapigana kwa ubaya. Mwaka 1922 mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichapisha yale aliyoyaona kwa kuwachunguza kuku tangu utoto wake: katika kila kundi iko ngazi. Kuku wa juu anawadonoa wote, wa pili anawadonoa wote isipokuwa wa kwanza, hivyo mpaka wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Kila mmoja anajua nafasi yake, na ndiyo sababu kundi lina amani. Mgeni akiingia, ngazi inavunjika na inapaswa kujengwa upya.

Vita hivyo haviwezi kuzuiliwa kabisa, lakini vinaweza kupunguzwa. Njia iliyo nzuri ni kuwaonyesha kwanza. Kwa juma moja baada ya siku 21, kitunga ama kizuizi cha mgeni kinasogezwa karibu na wenyeji, waonane kupitia matundu, wale upande huu na upande huu bila kufikiana. Siku mlango unapofunguliwa, mgeni si mgeni tena kabisa.

Wengine hushauri kumwingiza usiku, wakidai asubuhi wenyeji hawatamtambua. Kuna ukweli kidogo: kuku haoni vizuri gizani, na usiku unapita bila vita. Lakini asubuhi wanamtambua vizuri sana, maana kuku hutambuana kwa kichwa na kishungi. Anayetumia njia ya usiku awahi kufungua mlango alfajiri, ili mgeni apate mahali pa kukimbilia. Kuku mmoja aliyefungiwa na maadui kumi katika kibanda kidogo mpaka saa mbili asubuhi anaweza kufa.

Inafaa wageni wawe wawili ama zaidi, kwa sababu mmoja peke yake anapokea mapigo yote. Wawe wamelingana kimo na wenyeji. Kifaranga wa miezi miwili hana nafasi mbele ya kuku mkubwa. Siku ya kuchanganya, chakula kimwagwe mahali pawili ama patatu, na maji vilevile, kwa kuwa kuku wa juu huanza kwa kuwazuia wengine bakuli. Matawi, sanduku lililolala ama kipande cha ubao kilichoegemezwa ukutani vinampa mgeni mahali pa kujificha.

Kukimbizwa na kudonolewa kidogo siku tatu nne ni kawaida. Damu si kawaida. Rangi nyekundu inawavuta kuku wote kudonoa palepale, kwa hiyo mwenye kidonda atolewe upesi na aponywe pembeni. Ikiwa mchokozi ni mmoja tu, atolewe yeye badala ya anayepigwa. Baada ya siku chache nje, akirudi anakuta nafasi yake imechukuliwa, na ukali unapungua. Kwa majogoo, kanuni ni fupi: jogoo mmoja anatosha kwa kuku majike wapatao kumi. Kuleta wa pili katika parseli ndogo ni kununua ugomvi.

Wanaosema haiwezekani

Wengi watajibu kwamba maneno haya ni ya watu wenye nafasi. Parseli ya Kadutu ama ya Birere haina hata mahali pa kuanikia nguo, seuze kibanda cha pili. Ni kweli, na hoja hiyo inastahili jibu. Pasipo nafasi, mgeni akae mahali pengine. Karibu kila familia ina dada, shangazi ama rafiki asiye na kuku. Kuku wawili katika kitunga kwa majuma matatu, pamoja na chakula chao, si mzigo ambao ndugu atakataa, hasa akijua yai likitagwa ni lake.

Wengine watasema kuku wa kienyeji ni mgumu, haugui kama kuku wa kizungu. Ni mgumu kweli kwa njaa, kwa baridi na kwa kujilinda na mwewe. Kwa Newcastle si mgumu. Vijiji vyote vilivyowahi kukaa bila jogoo wa kuwika vinaweza kushuhudia.

Wapo pia wanaosema chanjo ni ghali. Ghali yake inatoka katika ukubwa wa chupa: mara nyingi ina dozi mia moja ama zaidi, na mwenye kuku sita hawezi kuinunua peke yake. Lakini watu haohao wanajua kuchanga. Akina mama wanaokaa kila juma katika AVEC kuhesabu akiba wanaweza kuhesabu pia kuku wao, kuchagua siku moja kila miezi minne, na kumwita veterineri mmoja kwa wote. Kiongozi wa nyumba kumi anayejua kuwaita watu kwenye salongo anaweza kuwaita kwa kazi hiyo pia. Kirusi hakijui mpaka wa parseli. Aliyechanja peke yake katikati ya majirani kumi wasiochanja anajilinda kwa nusu.

Jukumu si la mnunuzi peke yake

Hapa maoni haya yanawagusa wengine pia. Kwanza ni wauzaji. Kuku wakianza kufa katika nyumba, desturi mbaya iliyoenea ni kuwakusanya upesi wale waliobaki na kuwapeleka sokoni kabla hawajafa. Kila anayefanya hivyo anaelewa anachokifanya. Anaokoa pesa kidogo, na ugonjwa wake unatawanyika katika nyumba ishirini ambazo hatazijua. Mwenye shida anaeleweka, maana naye ana watoto. Lakini jirani aliyemwuzia naye ana watoto, na ndiye pengine atakayeuza kuku wake juma linalofuata kwa njia ileile. Wazima waliobaki wafungiwe nyumbani. Waliokufa wazikwe kwa kina ama, pale Goma ambako chini ni mawe ya volkano, wachomwe. Kuwatupa katika mto Kawa ama kwenye jalala ni kuwapa mbwa na kunguru kazi ya kuusambaza ugonjwa.

Pili ni wasimamizi wa masoko. Kila kuku anayeingia sokoni analipiwa kodi. Kodi hiyo ingeweza kurudi kwa namna ndogo: meza ama vizimba vya kutenga kuku wa kila mfanyabiashara, maji ya kunywa, kuoshwa kwa mahali pa kuku mara moja kwa juma, na veterineri anayepita kutazama siku za soko. Si miradi ya mamilioni. Ni matumizi ya pesa ambazo wauzaji wameshazilipa.

Tatu ni mashirika yanayogawa kuku kwa waliorudi kutoka kambi na kwa familia zenye shida. Nia ni njema, na kuku watano wanaweza kuiinua familia. Lakini kununua mamia ya kuku kutoka pande zote, kuwakusanya katika lori moja Jumatatu, na kuwagawa Jumanne mbele ya kamera, ni kugawa ugonjwa pamoja na kuku. Anayepewa hana kibanda cha pembeni, hajaelezwa, na jirani yake ambaye hakuandikwa katika orodha ana kuku wake wa miaka. Kuku wa mradi wakifa, ripoti inasema walipunguka. Kuku wa jirani wakifa, hakuna ripoti. Shirika linalotaka kusaidia liwaweke kuku hao mahali pamoja majuma matatu, liwachanje, liwachanje na wale wa kijiji kinachopokea, ndipo liwagawe. Ikiwa bajeti haitoshi kwa hayo, ni heri kugawa nusu ya kuku walio wazima.

Noeli na Bonane, kama sikukuu za Idi, ndizo siku ambazo kuku wanatembea zaidi kuliko wakati wowote. Wananunuliwa mapema kwa kuogopa bei kupanda, wanafungiwa pamoja na wa nyumbani, na yule asiyechinjwa anabaki. Wengine wanaletwa na wageni, na kuku wa zawadi hakataliwi wala harudishwi. Lakini hakuna desturi inayosema lazima alale na wenyeji usiku huo. Anayenunua kuku wa kuchinja amweke pembeni mpaka siku yake, na maji aliyooshea na manyoya vizikwe. Anayenunua wa kufuga aandike tarehe kwa makaa ukutani, ahesabu 21, ndipo afungue mlango.